Barua ya wazi kwa viongozi wa mtaa, kata na manispaa: ada ya taka tumelipa, gari liko wapi?

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Ndugu Mtendaji wa Mtaa, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani na Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa yetu,
Dar es Salaam.

YAH: KUTOZWA ADA YA TAKA BILA TAKA KUZOLEWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika nikiwa mkazi wa mtaa mnaouongoza, mwenye nyumba ya vyumba sita ambayo nusu yake wanaishi wapangaji, na mlipaji wa ada ya taka ambaye risiti zake zote anazo. Nimechagua barua ya wazi kwa sababu barua za kawaida tumekwisha kuziandika, na kila iliyojibiwa ilijibiwa kwa kutuelekeza ofisi nyingine. Leo nawaandikia wote kwa pamoja, ili asipatikane wa kumwelekeza mwenzake.

Manung'uniko ya mtaani kwetu ni mengi, na mkinipa nafasi ningeyataja ya spika za baa zinazolia hadi alfajiri, ya bodaboda wanaopita juu ya njia ya waenda kwa miguu, na ya mafundi wa mabomba wanaochimba barabara wakaondoka bila kufukia. Hayo yote nayaweka kando. La taka nalishikilia peke yake kwa kuwa ndilo tunalolilipia kila mwezi, kwa kimashine na kwa risiti, na ndilo tusilolipata.

Hali ilivyo ni hii. Mkusanya ada hachelewi. Siku za mwanzo wa mwezi hupita nyumba kwa nyumba na kimashine chake cha kutolea risiti, mara nyingine akiwa na mgambo nyuma yake. Mvua haimzuii, jua halimzuii, na asiyekuwa na shilingi 5,000 za kaya yake mkononi huachiwa namba ya malipo pamoja na onyo la kufikishwa ofisini. Gari la taka, ambalo ndilo sababu ya ada hiyo kuwapo, halina tarehe. Tuliambiwa mkutanoni kwamba lingepita mara mbili kwa wiki. Kuna wiki hupita mara moja, kuna wiki halionekani kabisa, na likishakosekana kwa muda mrefu huweza kuzuka usiku wakati watu wamelala, likapiga honi moja na kupotea, na kesho yake tunaambiwa kwamba gari lilikuja ila wananchi hamkutoa taka.

Huenda kwa anayeishi kwenye nyumba yenye geti na pipa la magurudumu, taka za wiki mbili si jambo kubwa. Uswahilini kwetu ni jambo kubwa. Taka zetu si makaratasi ya ofisini. Ni maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya ugali, utumbo wa samaki, pampasi za watoto, na majani ya mwembe yaliyofagiwa alfajiri. Nyingi zimelowa na karibu zote zinaoza. Kiroba kilichofungwa Jumatatu na kuwekwa pembeni ya baraza, ikifika Alhamisi kimeanza kuvuja maji meusi, na maji hayo hufuata mteremko wa uwanja hadi kwenye mlango wa jirani ambaye hakuhusika. Kunguru hutoboa juu, mbwa huchana ubavuni, na waokota chupa, ambao siwezi kuwalaumu kwa kuwa ndio peke yao wanaopunguza chochote, hufungua kamba, huchagua chupa na makopo yao ya kuuza kwa kilo, kisha huacha kiroba wazi. Ijumaa nzi wamekwisha kujua njia ya jikoni, na mama anayekaanga maandazi kwenye baraza hiyohiyo hulazimika kufunika beseni kwa khanga mbili.

Gari likija, nalo lina mambo yake. Honi ikilia, kila mtu hutoka mbio na kiroba kwa kuwa dereva hasimami ila kwa dakika chache, na kichochoro chetu gari haliingii. Mzee asiyeweza kubeba, mjamzito, au aliyeko kazini saa hizo, taka zake hubaki. Vijana wa gari hukipima kiroba kwa macho kabla ya kukigusa. Wakikiona kizito huomba hela ya soda, na wasipopewa hukiacha palepale kwa maelezo kwamba gari limejaa. Vijana hao nao wana haki ya kulalamika, tena zaidi yangu, kwa sababu baadhi yao husimama juu ya shehena ya vioo na sindano wakiwa wamevaa ndala, bila glovu, na gari lenyewe halina hata turubai la kufunika kinachodondoka njiani. Lakini hela ya soda haimo kwenye risiti, na ada tumeshalipa.

Kiwango cha ada chenyewe hakieleweki. Kati ya wapangaji wangu yumo mlinzi wa usiku mwenye chumba kimoja, ambaye hula kwa mama ntilie, na kwa mwezi mzima hatoi taka za kujaza ndoo moja. Anadaiwa sawasawa na familia ya watu wanane iliyo upande wa pili wa korido. Mbele ya nyumba, kando ya barabara kuu, kuna baa inayochoma nyama na kukaanga chipsi hadi usiku, na kila asubuhi hutoa mapipa matatu yaliyofurika. Inalipa kiasi gani hatujui, ila tunajua kwamba mapipa yake huzolewa kwanza. Fundi cherehani mwenye fremu kwenye kona hiyohiyo hutozwa fremuni kwa ajili ya vipande vya vitambaa, kisha hutozwa tena nyumbani. Tulipouliza viwango hivi vilipangwaje tukajibiwa kwamba vimo kwenye sheria ndogo za manispaa. Sheria ndogo hizo hatujawahi kusomewa, wala hazijawahi kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa.

Penye pengo hilo wameingia vijana wa mikokoteni. Hupita alfajiri, hutoza shilingi 500 au 1,000 kulingana na ukubwa wa kiroba, na hawakosi siku. Kaya nyingi sasa zinalipa mara mbili kwa taka zilezile, kwanza kwenye kimashine na kisha kwenye mkokoteni. Taka hizo zinakokwenda hakuna anayeuliza, kwa kuwa jibu tunalijua: nyingine zinakwenda korongoni, nyingine kwenye kiwanja cha mtu ambaye hajaanza kujenga, na nyingi zinaishia mtaroni.

Mtaro wenyewe mnaufahamu, maana mliuzindua. Ulijengwa vizuri, kwa zege na mifuniko ya zege, na masika ya kwanza ulifanya kazi yake hadi watu wa bondeni wakawashukuru hadharani. Baadaye mifuniko miwili ilivunjwa na lori la mchanga, na mashimo yale yakawa ndipo mahali pa kumwagia viroba. Sasa mvua ya nusu saa inatosha kuyapandisha maji barabarani yakiwa yamebeba chupa, pampasi na, kwa kuwa wapo wanaotapisha vyoo vyao mvua inaponyesha, vitu vingine ambavyo sitavitaja katika barua rasmi. Wakazi wa Dar es Salaam hatuhitaji kuelezwa mwisho wa mambo haya. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni, kikaenea jijini na kisha mikoani. Homa ya dengi ilitusumbua 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye vifuu, makopo na matairi, yaani vitu vilevile vinavyolisubiri gari.

Kila mvua zinapokaribia, gari la matangazo hupita mitaani likitutaka tubadili tabia. Tabia mbaya ipo, sikatai, wala simtetei anayemwaga kiroba mtaroni usiku. Tena wapo wenye magari ya kutembelea wanaotoa mfuko kwenye buti na kuutupa daraja linapoanza, wakiwa wamevaa tai. Hata hivyo, kaya ya chumba kimoja ambayo jiko lake liko barazani haina pa kuziweka taka za siku kumi na nne. Juni mosi 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wengi walibashiri kwamba Watanzania wasingeweza, na ndani ya muda mfupi tulikuwa tunakwenda sokoni na vikapu na mifuko mbadala, kwa kuwa amri ilikuwa ya wote, msimamo haukuyumba, na mfuko mwingine wa kushika mkononi ulipatikana. Katika hili la viroba amri ipo, faini ipo, mgambo yupo. Pa kupeleka kiroba ndipo hapapo.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mfano ambao ninyi wenyewe mmeushuhudia, kwa kuwa huwa mnakuja kupiga picha na mafagio. Tangu sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 zilipogeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima, na baadaye kila mwezi ukatengewa siku yake, sisi tumeitikia kwa dhati. Maduka hufungwa asubuhi, tunatoka na majembe na makoleo, tunaingia mtaroni hadi magotini, tunatoa tope na kulirundika ukingoni ili gari lije kulizoa. Gari haliji. Mvua ya katikati ya wiki hulirudisha rundo lote lilikotoka, na mwezi unaofuata tunalitoa tena. Kuna tope katika mtaro ule ambalo naamini tumeshafahamiana kwa sura.

Nimewasikiliza wahusika wote, na naweza kusema kwamba kila mmoja anasema kweli kwa upande wake. Mwenyekiti husema mkandarasi wa kuzoa taka hakuajiriwa na mtaa, na ni kweli. Mtendaji husema hana mamlaka ya kumwajibisha, na ni kweli. Afisa afya wa kata husema ameandika taarifa zaidi ya moja, na nakala nimeonyeshwa. Mkandarasi husema kwamba dizeli imepanda, barabara za ndani ni mbovu, na safari ya dampo inamla siku nzima. Hilo nalo ni kweli, maana kutoka kwetu hadi Pugu Kinyamwezi ni kuvuka jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, katika foleni tunazozijua, na gari lililoondoka asubuhi laweza kurudi jioni likiwa limemaliza safari moja. Husema pia kwamba kaya nyingi hazilipi. Kaya zisizolipa hujibu kwamba hazilipi kwa kuwa gari haliji. Kweli zote hizi zikijumlishwa, kiroba kinabaki barazani kwangu.

Kwa maoni yangu, tatizo liko kwenye namna mkandarasi anavyolipwa. Kwa jinsi tulivyoelezwa mkutanoni na kwa jinsi tunavyoona, kipato chake kinatokana na ada inayokusanywa, wala si taka zinazozolewa. Kwa mpango huo kimashine kinaingiza fedha na gari linatumia fedha. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu, akipewa mambo mawili ya namna hiyo, atakituma kimashine kila mlango na kulitoa gari mara chache kadiri awezavyo. Simlaumu kwa kupiga hesabu zake. Ninawalaumu ninyi mliomwandikia hesabu hizo, mkasaini kwa niaba yetu, kisha mkatuachia sisi tugombane na vijana wa gari kuhusu hela ya soda.

Wala jiji hili halikuanza jana kufundishwa na wakazi wake juu ya taka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa katikati ya makazi yao, waliishtaki halmashauri ya jiji katika Mahakama Kuu wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, na lilipotaka kuongezewa tena mwaka 1991, Jaji Lugakingira alikataa, akiegemea Ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo, nao wakashinda. Dampo likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa liko Pugu. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 ndipo kazi ya kuzoa ilipoanza kutolewa kwa makampuni binafsi, kwanza katikati ya mji na kisha katika kata nyingine. Kazi ndiyo iliyotolewa. Wajibu ulibaki pale ulipokuwa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeuweka waziwazi kwa mamlaka za serikali za mitaa. Kwa hiyo mtu anaposimama mkutanoni kutuambia kwamba jambo hili ni la mkandarasi, anatuambia jambo ambalo sheria haikusema.

Ombi langu la kwanza ni dogo na halina gharama: mkataba wa kuzoa taka usomwe mbele ya mkutano wa mtaa, na ukurasa unaotaja siku za gari, njia litakazopita, viwango vya ada na adhabu ya kutofika ubandikwe kwenye ubao wa ofisi. Ni fedha zetu. Mwenyekiti mliyemwachia kuisimamia kazi hiyo mtaani, na sisi tuliomchagua, hatuwezi kumsimamia mtu kwa masharti tusiyoyajua.

La pili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, kwa kuwa bila hilo mengine ni maneno. Malipo ya mkandarasi yafungamanishwe na safari za gari. Liwepo daftari katika kila eneo, likae kwa mjumbe wa serikali ya mtaa, na kila gari linapopita lisainiwe na dereva, na mjumbe, na mkazi mmoja atakayekuwa zamu. Mwisho wa mwezi daftari lipelekwe kwa Mtendaji, na mkandarasi alipwe kwa kadiri ya safari zilizosainiwa. Nitaambiwa kwamba daftari linaweza kughushiwa, na kwamba mjumbe anaweza kununuliwa kwa elfu kumi. Inawezekana, ndiyo maana nimependekeza saini tatu, na ndiyo maana ninataka daftari lisomwe kwa sauti mkutanoni, mbele ya watu ambao wanajua fika kama Jumanne ile gari lilipita au halikupita. Ni vigumu kudanganya juu ya gari la taka kwa watu waliokaa na harufu yake. Mwezi ambao gari halikufika, ada ya mwezi huo ishuke au isidaiwe kabisa, na mkusanya ada afike na daftari mkononi kama anavyofika na kimashine.

Viwango navyo vitazamwe upya, mlinzi wangu wa usiku asilipe sawa na baa, na hili halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Wajumbe wanaijua kila nyumba na kila fremu. Vijana wa mikokoteni wasifukuzwe. Wanaingia vichochoroni ambako gari haliwezi kuingia, na wanafika. Waandikishwe, wapewe vizibao na mahali pa kushushia mzigo ambapo gari litaukuta, wakatwe malipo yao kwenye ada hiyohiyo ili tusilipe mara mbili. Wakazi wa Hananasif, katika miaka ya 1990, walishirikishwa kujenga mitaro na barabara za ndani za mtaa wao kwa nguvu kazi ya wenyeji, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba uswahilini watu hawawezi kukabidhiwa kazi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya taka zetu ni za kuoza, kile kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinapaswa kuwafikirisha viongozi wa halmashauri zote tano za Dar es Salaam kuhusu mzigo wa maganda unaosafirishwa hadi Pugu kwenda kuozea huko. Mifuniko miwili ya mtaro sidhani kama inahitaji aya nzima. Inahitaji fundi, saruji na nondo, na iwekwe kabla ya Machi.

Naomba basi mkutano wa mtaa uitishwe kabla ya masika, Jumamosi jioni au Jumapili baada ya ibada, wakati ambao wapangaji wapo nyumbani, na usiwe tena Jumanne saa nne asubuhi ambapo huhudhuria wazee na wauza genge peke yao. Mkandarasi aalikwe aje mwenyewe, asimtume karani. Ombi la kupatiwa nakala ya mkataba nimeliwasilisha kwa barua ya pembeni kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inataka lijibiwe ndani ya siku zisizozidi 30. Ada ya mwezi huu nimelipa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi na mlipa ada wa mtaa wenu

Nakala: Wajumbe wa Serikali ya Mtaa
Afisa Afya wa Kata
Mkandarasi wa kuzoa taka